Ualimu wa fizikia: Shahada moja, kazi mbili

MHITIMU wa kidato cha sita anayetaka kufundisha fizikia katika shule za sekondari nchini hulazimika kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: fizikia yenyewe na namna ya kuifundisha.

Njia kuu ni shahada ya sayansi na ualimu, ambayo huchukua miaka mitatu. Miongoni mwa vyuo vinavyoitoa ni DUCE kilichopo Chang'ombe, Dar es Salaam, na Mkwawa (MUCE) cha Iringa. Vyote viwili vilianzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati shule za kata zilipokuwa zikijengwa kwa wingi na walimu kuhitajika.

Waombaji hutoka hasa katika tahasusi za PCM na PGM. Chuoni, fizikia huambatana na somo la pili la kufundishia, mara nyingi hisabati au kemia. Mwanafunzi husoma umakanika, umeme na usumaku, mwanga na fizikia ya kwanta, huku akitakiwa pia kufaulu saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia.

Aidha, hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambako wahadhiri humkagua azimio la kazi, andalio la somo na jinsi anavyolimudu darasa.

Huko ndiko ugumu hujitokeza. Sokoni, uzito wa nyanya hupimwa kwa kilo; katika fizikia, kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito hupimwa kwa nyutoni. Mchukuzi aliyesimama tuli na gunia kichwani hutoka jasho, lakini kifizikia hafanyi kazi yoyote juu ya gunia hilo. Mwalimu hulazimika kueleza hayo kwa Kiingereza, kwa wanafunzi ambao wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili.

Vifaa vya maabara navyo ni haba katika shule nyingi. Hata hivyo, jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi kwa takriban sekunde mbili, na hilo latosha kuanzisha somo la pendulamu.

Shahada pekee, hata hivyo, si ajira. Mwanzoni mwa mwaka 2025, walimu walioomba kazi serikalini walipitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kwa shule isiyo na mwalimu wa fizikia, kila nafasi inayochelewa kujazwa huwafungia wanafunzi njia ya uhandisi na udaktari.