Mlima au Msitu? Asili ya Neno Moja la Ulaya ya Mashariki

Leo twataka kueleza habari ya neno moja, gora. Ukimwuliza Mrusi maana yake, atakuambia ni mlima. Ukimwuliza Mbulgari, atakuambia ni msitu, kwani mlima yeye huuita planina. Mserbia naye hulitumia kwa maana zote mbili. Je, maana ya kwanza ni ipi?

Hapana kitabu cha kutujibu, kwa sababu watu wa kwanza waliolitamka neno hili hawakujua kuandika. Lugha za Kislavi zilianza kuandikwa katika karne ya 9, na kitabu cha kwanza cha Kilithuania kilipigwa chapa mwaka 1547. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha lugha zilizo ndugu, kama sisi tulinganishavyo mti wa Kiswahili na omuti wa Kiganda, tukajua kuwa asili yake ni moja. Neno lipatikanalo kwa njia hiyo huwekewa nyota mbele yake, ili msomaji ajue kuwa halikuonekana katika maandishi yo yote, bali limepatikana kwa hoja.

Ndugu wa karibu wa lugha za Kislavi ni lugha za Kibalti. Katika Kilithuania twaona giria, maana yake msitu. Na katika Kiprusia cha kale, lugha iliyokufa katika karne ya 18, twaona garian, maana yake mti. Msomaji asishangae kuona a mahali pa o. Usiku kwa Kirusi ni noch, kwa Kilithuania ni naktis. Jicho kwa Kislavi cha kale ni oko, kwa Kilithuania ni akis. Badiliko hilo lina kanuni yake, wala si la kubahatisha.

Kama tungekomea hapa, tungesema maana ya kwanza ni msitu. Lakini kesi haikatwi kwa mashahidi wa nyumba moja. Katika Kisanskriti cha Bara Hindi twapata giri, na katika Kiavesta cha Uajemi wa kale gairi. Yote mawili maana yake ni mlima. Lugha hizo ni za ukoo ule ule, nazo ziko mbali na misitu ya Wabalti. Basi mlima ndiyo maana ya kale.

Imekuwaje mlima kugeuka msitu? Yaelekea ni kwa desturi ya maisha. Bonde hulimwa, mlima huachiwa miti. Aendaye mlimani huwa aenda msituni. Tena Lithuania ni nchi ya tambarare: kilima chake kirefu kuliko vyote, Aukštojas, hakifiki mita 300. Milima ilipokosekana, neno lilibaki na miti.

Kwa hiyo mfasiri na ajihadhari. Akikuta gora katika kitabu cha Kibulgari naye akaandika mlima, atampandisha msomaji wake mahali pasipo na mlima.