Upinde wa Kumpa Mjomba

Juma lililopita niliahidi kuijibu barua ya kijana mmoja, seremala wa Ngamiani, Tanga. Anaeleza kwamba mjomba wake yuko Handeni na umri umemwendea. Mzee huyo alirithi upinde wa baba yake, ukatundikwa juu ya mlango miaka na miaka hadi mchwa walipoumaliza. Kijana anataka kumtengenezea mwingine. Alitafuta mkole ulionyooka, asiupate. Basi akachukua mabaki ya mninga na mwanzi pale karakana, akayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi nyeupe, hii tunayobandikia viti na makabati. Siku ya tatu alipoupinda, matabaka yakaachana na kipande kimoja kikapita karibu na jicho lake. Sasa anauliza: kosa ni kubandika, au ni mkono wake?

Kubandika si kosa hata kidogo. Wajapani wametengeneza pinde zao ndefu kwa namna hiyo karne nyingi, mwanzi mgongoni, mwanzi tumboni, na mbao katikati. Wamongolia walibandika pembe tumboni na kano za mnyama mgongoni, mti ukakaa katikati. Waingereza wao walibahatika. Mti wao wa myuu una tabaka mbili za asili, ule mweupe wa nje unaovutika na moyo wa ndani unaostahimili kubanwa. Meli yao ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545, na baada ya kuibuliwa mwaka 1982 zilihesabiwa pinde nzima 137 zilizotoka humo.

Kwa nini kuwe na tabaka? Chukua kipande cha muwa ukipinde polepole. Upande wa nje unavutwa hadi unachanika, upande wa ndani unabanwa hadi unakunjamana, na katikati hapasumbuki sana. Upinde nao ni hivyo hivyo. Upande unaotazama shabaha huitwa mgongo, nao huvutwa. Unaokutazama wewe ni tumbo, nao hubanwa. Mti mmoja unaoyaweza yote mawili ni wa kutafutwa kwa tochi. Mwenye kubandika humpa kila mmoja kazi yake: mwanzi, ambao nyuzi zake ni ndefu na hazikatiki ovyo, anauweka mgongoni, na mti mgumu anauweka tumboni.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakujua kazi hii. Mreno Francisco de Almeida alipoishambulia Mombasa mwaka 1505, waliomkabili walikuwa pamoja na wapiga mishale. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wa nyika iliyo nyuma ya Mombasa na Malindi, walikuwa na pinde ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya ratili 100 na zaidi, yaani kilo 45 na ushei, nao waliwinda tembo kwa mishale ya sumu. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948 uwindaji huo ukageuka kosa, na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi wao waliishia gerezani. Huku kwetu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanachonga pinde zao hadi leo kwa mti mmoja mzima, bila gundi, na kamba yake ni ya kano. Mishale kwao ni mali ya kuchezea kamari: wanaume wana mchezo uitwao lukuchuko, na mtu anaweza kuamka na podo limejaa akalala bila mshale.

Basi, kijana wangu, ukiupata mti mzima mnyofu usijisumbue na gundi. Usipoupata, bandika, ila kwa taratibu.

Kosa lako la kwanza ni gundi yenyewe. Gundi nyeupe inafaa kwa kabati, kwa sababu kabati halipindwi. Ikikaa chini ya mvuto, tena katika joto la Tanga, hulainika na kuteleza kidogo kidogo. Tumia ile ya kuchanganya dawa mbili, epoksi. Kwaruza nyuso za mbao kwa msasa mkali ili gundi ipate pa kushika. Ukitumia mtiki wa Longuza kule Muheza, ujue una mafuta. Ufute kwa spiriti kabla ya kupaka. Halafu usibane kwa nguvu kama unayekamua nazi, maana epoksi ikikamuliwa yote hakuna kitakachobaki cha kushikilia.

La pili, nashuku mbao zako zilikuwa na maji. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini upinde si samaki. Mti mbichi ukiukunja hubaki umekunjika, haurudi, na upinde usiorudi ni fimbo mbovu tu. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, kusi na kaskazi. Ziweke mbao darini juu ya jiko, uzipime kwenye mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, ziko tayari.

Mwanzi uupige randa upande wa ndani tu, hadi ubaki bapa na mwembamba. Lile ganda la nje usiliguse, kwani ndilo lenye nguvu. Vifundo vyake tu uvisugue kidogo. Mbao za katikati na za tumbo uchague ambazo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Ukiona nyuzi zimekatisha pembeni, kipande hicho kifanye mguu wa stuli.

Ubao mrefu ulionyooka utakuwa kalibu yako. Utandaze karatasi ya nailoni ili kazi isigandame, panga matabaka, kisha zungushia mipira iliyokatwa katika tyubu za baiskeli, toka mwanzo hadi mwisho. Mpira hubana sawasawa kila mahali na bei yake si ya kuumiza. Acha siku nzima na usiku wake, au mbili. Mtu mwenye haraka asianze kazi hii.

Tunafika penye utamu na penye hatari, kulinganisha mikono miwili ya upinde. Ukakamavu wa ubao haupungui kwa kadiri ile ile unayopunguza unene. Ukiufanya nusu ya unene wake, unabaki na moja ya nane ya ukakamavu. Ukipunguza sehemu moja tu katika kumi, umekwisha poteza zaidi ya robo. Ndiyo maana mafundi wengi huharibu upinde dakika za mwisho, randa ikiwa mkononi na chai ikiwasubiri. Weka randa chini, chukua tupa, kisha kipande cha chupa. Kwangua tumbo tu, mgongo uuache. Vuta kidogo, mara thelathini, ndipo utazame. Mkono unaopinda kama mwezi mwandamo ni mzuri. Ukiona mahali pamevunjika kona, hapo pasikwanguliwe tena, kwangua pembeni mwake.

Upote, ambao wengine huuita ugwe, najua mtu wa Tanga atataka kuusokota kwa mkonge. Simlaumu. Katika miche elfu moja aliyoiagiza Mjerumani Hindorf, ni 62 tu iliyofika hai mwaka 1893, na kwa hiyo 62 mkoa mzima ukapata kazi. Lakini mkonge ni mkakamavu na hukatika pale unapojikunja kwenye ncha. Nailoni ya mishipi nayo huvutika mno. Tumia uzi wa poliesta wa kushonea viatu, nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, ziwe na uwezo wa kubeba mara nne ya nguvu ya upinde. Ukishautia upote, nafasi kati yake na mshiko iwe ngumi moja na dole gumba lililosimama.

Na sasa jambo ambalo barua yako haikuliuliza. Ulipoupinda ule wa kwanza, ulipima kwa nguvu ya nani? Naamini ni yako wewe unayesukuma randa kutwa. Mjomba hana kifua hicho tena. Upinde asioweza kuuvuta ataupokea kwa shukrani, autundike, na kila akiutazama utamkumbusha kwamba amezeeka. Ratili 30 hadi 35, kama kilo 14 hadi 16, zinamtosha. Funga mizani ya ndoano kwenye upote, vuta hadi urefu wa mvuto wake, usome. Urefu huo unapatikana kwa kupima mikono aliyoinyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ukagawa kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 170 atavuta 68, na upinde wa mita moja na sentimita 80 utamfaa bila wasiwasi.

Umwambie pia asiachie upote bila mshale, maana nguvu ikikosa pa kwenda hurudi kwenye mbao. Akimaliza aulegeze, aulaze juu ya vigingi viwili, mbali na mchwa. Wala usidhani umempa kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na Mkomazi na Saadani haziko mbali na huko. Gunia lililoshindiliwa usumba linatosha kuwa shabaha. Mchezo huu ulirudi katika Olimpiki mwaka 1972, na huko Rio mwaka 2016 aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar.

Utauliza, nitampimaje mzee mikono naye asijue? Mwambie unataka kumshonea kanzu. Na hiyo kanzu mshonee kweli, maana atakuwa anaisubiri.