Jani Chini ya Hadubini na Amana ya Jicho



Juma lililopita binti yetu wa kidato cha pili alirudi na mchoro wa seli uliopata alama zote, lakini kichwa amekiinamisha. Baada ya isha alitufungulia moyo: "Baba, mimi seli hizo sikuziona. Niliona miviringo tu yenye ukingo mweusi. Nikaogopa kuchekwa, nikanakili ya kitabuni."

Hatukumkaripia. Tulimshukuru kwa kusema kweli, kisha tukamwomba jirani yetu, mwalimu wa bayolojia, atukaribishe kwenye hadubini yake. Mama mtu akatoa kitunguu jikoni. Wengi wetu tumekikata miaka na miaka pasi na kujua kwamba matabaka yake ni majani, yaliyonona kwa chakula ambacho mmea umejiwekea akiba.

Binti akabandua utando mwembamba wa ndani, akautandaza juu ya kipande cha kioo, akadondosha tone la maji, akafunika. Akachungulia. "Ni yale yale, Baba!" Mwalimu akatazama, akatabasamu. Miviringo ile ilikuwa mapovu ya hewa. Kumbe siku ile jicho la binti lilisema kweli. Ni mkono wake uliolikana.

Dawa yake ni nyepesi. Kioo cha kufunikia huegemezwa upande mmoja kwanza, kisha hulazwa polepole ili hewa itoke. Huanzwa na lenzi ya nguvu ndogo, na inaposhushwa hutazamwa kwa ubavuni, isije ikavunja kioo. Tone la iodini likaongezwa, na seli zikadhihiri zimepangana kama matofali ya ukuta, kila moja na kiini chake. Lenzi ya jicho hukuza mara 10, na ile ya chini mara 40; basi tuliona kitu kilichokuzwa mara 400. Jina la seli, lenye maana ya chumba kidogo, lilitolewa na Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1665.

Kisha tukapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la mwembe. Ilipokauka tuliibandua kwa utepe wa gundi, tukatazama chapa yake. Tukaona vitundu viitwavyo stomata, kila kimoja kati ya seli mbili mfano wa midomo. Seli hizo zikijaa maji, kitundu hufunguka, kaboni dioksaidi ikaingia na mvuke ukatoka, zikinywea, hufumba.

Madrasani tulifunzwa kulifikisha neno kama tulivyolipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Mchoro nao ni ushahidi. Binti amechora upya, pamoja na povu moja lililosalia pembeni, na Jumatatu atamkabidhi mwalimu wake wa darasani na kumweleza yote. Huenda alama zikapungua.

Wazazi wenzetu, watoto wakirudi na madaftari, msiulize tu wamepata ngapi. Waulizeni wameona nini.