Kabla ya kulaumu dishi, kagua waya

Shangazi yangu anakaa Likoni, hatua chache kutoka ufuoni. Tangu mvua za masika zianze, TV yake ilikuwa ikikwama kila jioni: picha inavunjika vipande, sauti inakatika, kisha kioo kinaandika hakuna mawimbi. Fundi wa kwanza alimwambia king'amuzi kimekufa. Wa pili akasema ni LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Alikuwa ameshatenga elfu tano kutoka kwa pesa za kodi aliponipigia simu. "Mwanangu, hebu njoo uangalie kabla sijazitoa."

Nilipofungua kiungio kwenye dishi, tone la maji lilinidondokea kiganjani. Msuko wa nyuzi ndani ya waya ulikuwa umegeuka unga mweupe. Chumvi ilikuwa imeula.

Kabla ya matangazo ya analojia kuzimwa nchini mwaka 2015, waya mbovu ulijitangaza wenyewe, chenga zikiongezeka siku baada ya siku. Dijitali haina huruma hiyo. King'amuzi hurekebisha makosa kimyakimya mpaka kishindwe, halafu picha inatoweka ghafla. Kwa hiyo waya waweza kuoza miezi mingi, na siku ukishindwa sisi tunalaumu mashine.

Ukiukata waya huu utaona uzi mmoja wa kati, plastiki nyeupe, karatasi ya fedha na msuko, kisha ganda la nje. Mawimbi husafiri ndani ya ile plastiki nyeupe, kati ya uzi na msuko. Maji yakiingia hapo hayakauki kwa jua, hata ungoje mwezi mzima. Sehemu hiyo ni ya kukatwa.

Dukani, ulizia RG-6 ya omu 75. RG-59 ni nyembamba zaidi na hupoteza nguvu zaidi. RG-58 usiiguse, hata ukiuziwa bei ya bure, kwani hiyo ni ya omu 50, ya redio za mawasiliano. Tena usinunue mita usizozihitaji. Katika masafa ya megahezi 1,000, mita 30 za RG-6 hupoteza takriban desibeli 6, maana yake ni robo tu ya nguvu inayofika chini.

Nenda na sumaku, hata ile ya spika kuukuu. Ikivuta uzi wa kati, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa nyumba ndogo si vibaya, mawimbi hupita kwenye ngozi ya shaba. Lakini waya huohuo ndio unaopeleka umeme wa volti 13 au 18 kwa LNB, na chuma huupunguza waya ukiwa mrefu. Isitoshe, ncha yake hushika kutu upesi. Kwetu huku mimi naongeza pesa ninunue shaba tupu, yenye msuko wa shaba pia. Ganda liwe jeusi, la kustahimili jua. Zile nyaya nyeupe za ndani hupasuka zikianikwa juani.

Kazi kubwa ni kuziba ncha. Chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza, maana unyuzi mmoja wa msuko ukigusa uzi wa kati ni shoti. Tumia kiungio cha kubana kwa koleo yake badala ya kile cha kuzungusha kwa vidole. Kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike wa chini yake kama makuti ya paa. Kabla waya haujaingia tundu la ukuta, uache uning'inie chini kidogo kisha upande, maji yadondokee nje. Usiukunje kona kali, wala usiupigilie misumari ukaubana.

Kwa shangazi nilikata kipande, nikakuta maji yameteremka mbali, basi tukabadilisha wote. Mita 18. Dishi, LNB na king'amuzi ni vilevile vya zamani, na elfu tano nyingi zilirudi kwenye kodi. Nimemwambia nitapanda tena juu ya paa kusi ikitulia, nikague ile tepu.