Mutoto amemaliza dokitora, sasa anatafuta nini tena?



Mwezi uliopita muzee mumoja wa mugodi alifika ku biro ya sendika na hasira. « Kamarade, binti yangu amemaliza dokitora hapa Lubumbashi. Sasa anatafuta post-doc kule Leuven, Ubelgiji. Ataacha masomo siku gani? »

Nikamujibu: Muzee, ile si masomo tena, ni kazi. Mwenye dokitora anaingia mu laboratwari ya profesa mwaka mumoja, miwili ao mitatu, anafanya utafiti, analipwa.

Na inatuhusu sisi. Mu 2009, watafiti wa Lubumbashi na Leuven, kati yao maprofesa Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walionyesha kama watu wenye kuishi karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana mu mukojo. Mu 2018 walionyesha kama kule Kasulo, Kolwezi, batoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Mu 2020, utafiti wa Lubumbashi ulionyesha kama baba akitumika kazi ya madini, hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema inaongezeka. Mbele ya hapo, tulienda kwa wakubwa na kikohozi tu. Leo tunaenda na karatasi.

Kuko njia mbili. Ya kwanza: profesa yuko na feza ya mradi, anatangaza kazi ku ukurasa wa inivesite ao ku EURAXESS ya Umoja wa Ulaya. Ya pili: wewe mwenyewe unatafuta profesa, munaandika mradi pamoja na kuomba feza, kama ile ya Marie Skłodowska-Curie. Ile inapokea watu wa inchi zote. Lakini dokitora iwe imekwisha mbele ya siku ya mwisho, na mu miaka 3 ya nyuma usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 mu inchi unayoenda. Mwenye kukaa Lubumbashi hana shida hapo.

Yule binti alikuwa ametuma barua moja ile ile kwa maprofesa 30. Kimya. Mimi niliishia sekondari, lakini barua za madai ninazijua: mukubwa hajibu barua ambayo mutu yeyote angeweza kuandika. Akaandika upya kwa profesa mumoja: nimesoma kazi yako hii, swali hili limebakia, na mimi wamama wa mutaa wananifungulia mulango. Jibu lilifika kiisha siku tisa: njoo tuandike mradi. Bado si ndiyo, lakini ni mulango.

Wazazi, mukamate hili: post-doc haiuzwi. Mwenye kuwaomba dola kusudi atoe nafasi ni mwizi. Musiuzishe parseli.

Muzee alinyamaza, kiisha akaniuliza: « Na atarudi? » Pale nilikosa jibu. Ninyi vijana ndiyo mutamujibu. Mukienda na mukojo yetu mu chupa, murudishe matokeo, na muyaseme kwa Kiswahili, mama zenu wasikie.