Mtoto anachechemea? Si kila mara ni maji: picha zinavyofichua TB ya mifupa

Katika Maji ya Chai, Ngurdoto na vijiji vingine vya miteremko ya Mlima Meru, mtoto mwenye miguu iliyopinda hashangazi mtu. "Ni maji hayo," watu husema. Na mara nyingi wako sahihi: maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi, kwenye vyanzo vingi kuzidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita.

Shida inaanza pale jibu hilo linapotumika kwa kila mtoto anayechechemea. Kuna ugonjwa mwingine unaoanza hivyo hivyo, kimya kimya, na huo hausubiri: kifua kikuu cha mifupa na viungo.

Wengi wakisikia TB wanawaza kikohozi. Kumbe vijidudu vikishaingia kwenye mapafu vinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mfupa. Karibu nusu ya wagonjwa wa TB ya mifupa hushikwa uti wa mgongo, kisha hufuata nyonga na goti. Mtoto anaweza asikohoe hata siku moja. Ipo pia TB ya ng'ombe inayopitia maziwa yasiyochemshwa, na wafugaji hapa ni wengi.

Namna ya kutofautisha? Floraidi kwa kawaida hupinda miguu yote miwili, wala haileti homa. TB mara nyingi hushika sehemu moja: goti moja limevimba, nyonga moja inauma, au mgongo umekakamaa kiasi kwamba mtoto akitaka kuokota kitu anachuchumaa, hainami. Homa za jioni na kupungua uzito vinaweza kuwepo, au visiwepo kabisa.

Hospitali huanza na eksirei. Inaonyesha mfupa ulioliwa, nafasi ya kiungo iliyobana, au pingili mbili za mgongo zilizopakana zikiwa zimebonyea. Ila hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza: tundu halionekani mpaka mfupa upoteze takribani theluthi moja ya madini yake. Isitoshe, viungo vya mtoto mdogo bado vina gegedu nyingi, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Kwa hiyo "picha iko sawa" katika wiki za mwanzo haina maana kwamba mfupa uko sawa. Dalili zikiendelea, rudini.

Altrasaundi haina mionzi na huonyesha maji au usaha ndani ya nyonga. CT huchora mfupa kwa undani na kumwongoza daktari anapoingiza sindano kuchukua sampuli, lakini mionzi yake ni mingi zaidi. MRI ndiyo inayowahi kuliko zote: inaona uvimbe ndani ya mfupa kabla haujaliwa, na kama usaha unabana neva za mgongo. Haina mionzi, ila mtoto lazima atulie nusu saa au zaidi, na wadogo hupewa dawa ya usingizi. Ni ghali, na mara nyingi inataka rufaa.

Hata picha nzuri haimalizi kesi. Bakteria wengine, selimundu na saratani vinaweza kufanana na TB. Ndiyo maana sampuli ya usaha au mfupa hupimwa kwa GeneXpert. Watoto huwa na vijidudu vichache, hivyo majibu yanaweza kutoka hasi na bado daktari akaanzisha dawa, akizingatia picha, dalili, na kama nyumbani kuna mtu mwenye TB.

Dawa za TB ni bure Tanzania. Kwa mifupa humezwa miezi 12. Mgongo ukicheleweshwa pingili huporomoka, kibiongo hutokea, na miguu inaweza kupooza.

Jambo moja linalochanganya wazazi: miezi ya mwanzo ya dawa, picha inaweza kuonekana mbaya zaidi huku mtoto mwenyewe anacheza na anakula. Mfupa hupona polepole kuliko mtoto. Dawa zisikatishwe, na picha za zamani zitunzwe, maana daktari atataka kuzilinganisha na mpya.