Pumu ya ngozi haiambukizi: tujue chanzo chake na vichochezi vyake

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alifika katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu akiwa na binti yake wa miaka saba. Viwiko na nyuma ya magoti ya mtoto yule palikuwa pamekauka na kuchubuka kwa kujikuna. Mama hakuja kuomba fedha. Alitaka kujua kwa nini mwanawe hukalishwa peke yake madrasa, kwenye mkeka wa pembeni. Wazazi wenzake walidai kuwa ana upele wa kuambukiza, na wengine wakanong'ona kuwa amepatwa na kijicho.

Tulimwomba daktari anayeswali nasi amtazame. Alitueleza kuwa mtoto ana pumu ya ngozi, na kwamba maradhi haya hayaambukizi kwa kugusana, kukaa pamoja wala kutumia mkeka mmoja.

Ngozi yenye afya ni kama ukuta: huhifadhi unyevu wa mwili na huzuia vumbi na vijidudu visiingie. Ngozi ya mwenye pumu hii ina ukuta dhaifu, na mara nyingi udhaifu huo hurithiwa. Baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana maradhi haya huonekana sana katika familia zenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Baba wa binti yule ana pumu ya kifua.

Hicho ndicho chanzo. Vichochezi ni jambo jingine: sabuni kali, manukato, joto na jasho, ukavu wa kipupwe, vumbi la mazulia na magodoro, nguo za sufu, hata wasiwasi wa moyo. Chakula huwachochea baadhi ya watoto tu; tusiwanyime maziwa na mayai bila ushauri wa daktari. Kujikuna nako huzidisha mwasho, na mwasho huleta kujikuna tena.

Mtoto aoge kwa sabuni isiyo na manukato, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu ngozi ingali na unyevu. Na baada ya kutawadha, apakwe tena. Krimu zenye steroidi husaidia zikiandikwa na daktari. Zikinunuliwa na kupakwa kiholela, huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Ndugu msomaji, dini yetu haikudharau mwasho wa ngozi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Zubeir bin Awwam na Abdurrahman bin Auf (R.A.) kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho, ilhali hariri ni haramu kwa wanaume. Ikiwa sheria ililegezwa ili mgonjwa apate nafuu, sisi tunapata wapi haki ya kumwongezea mtoto dhiki kwa kumtenga?

Dua na ruqya tusiache, na kliniki tusiache, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Ama binti yule, ustadhi amemrudisha katika safu ya wenzake, na mkeka wa pembeni umekunjwa. Tunamuomba Allah amponye, na atusamehe sisi tuliochelewa kuuliza.